KUPINDUA MFARISHI: LINI TUWEKE UTEPE, LINI TUSIWEKE

(Mazungumzo ya fundi wa kikundi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi. Yameandikwa kama yalivyosemwa. Pale alipoonyesha kwa mikono, maneno machache yameongezwa ili msomaji aelewe.)

 

Kamati imenipa nafasi hii nizungumze juu ya jambo ambalo mgeni anaweza kuliona dogo sana, nalo ni ukingo wa blanketi. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema habari za hisa, za mfuko wa jamii, na za sanduku letu la kufuli tatu lilivyotoka mkononi mwa mama huyu kwenda kwa mama yule miaka kumi bila kupotea hata senti. Hayo yamesemwa vizuri. Mimi ni fundi wa cherehani, nitasema habari za uzi. Ila wanachama mnajua kwamba uzi huu umetugawa. Vikao vitatu vya mwisho tumebishana mpaka giza likaingia, wengine wanasema utepe wa pembeni uachwe kabisa maana unakula faida, wengine wanasema nguo isiyo na utepe haijaisha, ni aibu kuiuza. Mwenyekiti akaniambia, mama, wewe unayeshona, siku ya sherehe useme, na useme mbele ya wageni, ili tukitoka hapa tuwe na neno moja. Basi nasema.

Kwa faida ya wageni nieleze kwanza kitu chenyewe. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu ni uso, yaani vipande vya vitambaa vilivyoungwa. Katikati ni kitu cha kuleta joto. Chini ni mgongo. Neno lenyewe ni la zamani na la watu wa pwani; sisi tuliokulia huku Ungoni hatukulisikia utotoni, tulisema blanketi, basi. Tulilichukua kwa sababu ukimwambia mteja "blanketi la viraka" anaondoka zake. Kwetu kiraka ni alama ya dhiki, na mtu hatoi fedha yake kununua dhiki. Lakini hivi vya kwetu havizibi tundu lolote! Vinatoka kwa mafundi wa barazani, pale mjini, Bombambili, Lizaboni, Majengo, ni masalio ya sare za kwaya, sare za harusi, magauni ya mahafali, na sare za vikundi kama hiki chetu. Zamani masalio hayo yalikuwa ya kuwashia mkaa. Leo mama anautazama mfarishi mmoja anakutajia harusi nne alizohudhuria. Nimeona wateja wakinunua kwa sababu hiyo tu, hata rangi hawajaziangalia.

Na baridi ipo, haihitaji kuhubiriwa. Songea yetu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai kila mtu hapa anajua asubuhi zake. Wenzetu wa milima ya Mbinga na wa Njombe ndio usiseme. Wala kazi ya vipande hatukuizua sisi. Pale Iringa kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, wanashona vitu vya vipande na vinanunuliwa na watu wa kila nchi. Kwa hiyo soko lipo. Tunachobishania ni namna ya kumaliza.

Tabaka tatu zikishawekwa pamoja, kingo zote nne ziko wazi. Nyuzi zinachungulia. Ukiziacha hivyo, kufua mara mbili zimefumuka. Lazima zifungwe, na njia ninazozijua mimi ni tatu. Ya kwanza ni utepe: unakata kanda ndefu za kitambaa, unaziunga, unazizungusha pembeni pande zote mbili. Ya pili ni kuukata mgongo uwe mkubwa kuliko uso, kisha unaukunja kuja mbele na kuushona. Hii ni nzuri mgongo ukiwa kitambaa kizima kipana, na sisi mara nyingi hatuna. Ya tatu ndiyo iliyoleta maneno, kupindua. Unashona nje ndani kama unavyoshona foronya ya mto, unaacha mdomo, unaivuta nguo yote kupitia mdomo huo mpaka uzuri unatoka nje, halafu unaufunga mdomo. Utepe hakuna. Ukingo ni ule ule mkunjo wa mshono.

Sasa hesabu, maana sisi ni kikundi cha akiba na mkopo, tunapenda hesabu. Chukua mfarishi wetu wa mtoto, sentimita 90 kwa 110. Ukizunguka kingo zake unapata sentimita 400. Ongeza za kona na za maungio, sema 430. Kitenge kina upana wa sentimita 110 na kitu. Kwa hiyo unahitaji kanda nne za upana wote, na kila kanda ni sentimita 6. Nne mara sita ni 24. Mfarishi mmoja mdogo unakula sentimita 24 za kitenge kizima, kipya, si masalio, maana masalio hayatoi kanda ndefu. Mifarishi 20 ni sentimita 480. Pea moja ya kitenge, yadi 6, ni sentimita 550 hivi. Maana yake kila mifarishi 20 midogo tunanunua karibu pea nzima ya kitenge kwa ajili ya pembeni tu. Sitaji bei kwa sababu bei ya kitenge haikai. Kila mmoja apige hesabu kwa bei ya siku anayokwenda dukani. Na hapo nimesema kanda za kukata nyoofu. Wapo wanaosisitiza kanda zikatwe mshazari. Mshazari ni wa kona za mviringo, mifarishi yetu ina kona za mraba, kwa hiyo ni kupoteza kitambaa bure.

Wanaotaka utepe uachwe wana haki kwa hesabu hiyo. Lakini hebu tusikimbie. Kuna mambo mawili ambayo hesabu hiyo haikuyaweka, na nitayafikia. Kwanza nieleze kupindua kunavyofanyika, maana nimeona mifarishi iliyopinduliwa vibaya, na mingi ya ubishi wetu inatoka kwenye hiyo mibaya.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Vyote, na mgongo pia. Kitenge kipya kina wanga, kikifuliwa kinajikunja kidogo, na kila kimoja kinajikunja kwa kipimo chake. Nyekundu na buluu iliyokolea zifuliwe peke yake mpaka maji yawe safi. Wengine hutia chumvi wakiamini rangi itashika. Mimi sijaona chumvi ikishikisha rangi ya kitenge inayotoka, naona maji mengi ndiyo dawa.

Mgongo wetu ni kanga kuukuu au merikani. (Vijana mnaocheka jina hilo, merikani ni nguo nyeupe isiyong'arishwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, karne ya 19, ikapanda bara na misafara mpaka ikawa kama fedha. Jina likabaki.) Kanga ikitumika, kata pindo lake au ulipange vizuri, lisije likaangukia upande mmoja kama sketi iliyoshonwa kwa haraka. Na maandishi yasomwe kwanza! Mfarishi wa mtoto mchanga usiwe na mafumbo ya mke mwenza mgongoni.

Katikati sisi tunaweka blanketi jembamba kuukuu, safi. Sufi iliyofumuliwa ni nzuri kwa mto, kwa mfarishi inakimbilia kona moja. Blanketi ni kitambaa kizima, halikimbii.

Panga mezani, au sakafuni juu ya mkeka ulionyooka. Blanketi chini. Juu yake uso wa vipande, uzuri ukiangalia juu. Juu yake mgongo, uzuri ukiangalia chini. Nyuso mbili nzuri zinabusiana, blanketi liko nje. Fundi mgeni ndipo anapokosea, analiweka blanketi katikati ya zile nyuso mbili, na akipindua linakuwa nje kama ngozi ya kondoo. Laini kwa viganja kuanzia katikati kwenda pembeni, piga pini, kisha piga bandi kuzunguka. Pini peke yake hazitoshi kwa tabaka tatu.

Sindano ya mashine iwe namba 16, ile ya 14 inavunjika kwenye maungio. Shona kuzunguka, sentimita moja na kidogo kutoka ukingoni. Acha mdomo katikati ya upande ulionyooka, kamwe si konani, wa sentimita 25 kwa mfarishi mdogo. Mwanzo wa mshono na mwisho wake rudi nyuma mara mbili tatu, kwa sababu pale ndipo nguo yote inapopita, na pakifumuka mdomo unakuwa mlango. Ukifika konani usigeuke kwa ncha kali. Shona mishono miwili ya kukata kona, ndipo ugeuke. Utaona ajabu kwamba kona iliyokatwa hivyo inatoka kali kuliko ile ya ncha. Sababu ni kwamba unene una mahali pa kukaa.

Baada ya kushona, punguza. Blanketi likatwe mpaka karibu kabisa na mshono, kuzunguka kote. Kona zikatwe mshazari, ubakize milimita mbili tatu, usiguse uzi. Lakini pale mdomoni vitambaa vya uso na mgongo viachwe na upana wake wote, ili viwe na kitu cha kukunjia ndani. Halafu ingiza mkono kati ya nyuso mbili nzuri, nenda mpaka kona ya mbali kabisa, ishike, ivute. Inatoka. Kisha nyingine. Kona zisukumwe kwa mpini wa kijiko cha mti. Anayesukuma kwa mkasi nitamtoza faini mimi mwenyewe, katiba ya kikundi iseme isiseme.

Piga pasi pembeni kote. Pasi ya mkaa itolewe majivu kwanza, na kitambaa chenye unyevu kiwekwe juu. Cheche moja inatosha kuharibu kazi ya siku mbili. Ikiwa blanketi la ndani ni la nailoni, pasi iwe ya uvuguvugu tu.

Hapa watu wengi wanadhani kazi imeisha. Nguo imegeuka, inang'aa, kona zimesimama. Ndugu zangu, hapo ni nusu.

Mdomo. Mteja mmoja alituletea mfarishi wake baada ya kuufua mara tatu. Mlipitishiwa mkauona wote: mdomo umeachama, blanketi linachungulia kama ulimi. Aliyeushona alikunja kingo ndani akapitisha cherehani juu mara moja, akauza. Mshono ule ulishika kitambaa cha juu tu, cha chini kilikuwa kimeteleza. Mdomo unafungwa kwa mkono, kwa uzi uliokunjwa mara mbili, sindano ikiingia kwenye mkunjo wa uso, inatembea ndani kidogo, inatoka, inaingia kwenye mkunjo wa mgongo mkabala wake, inatembea, inatoka. Ukivuta uzi, kingo mbili zinafungana na uzi hauonekani. Mishono iwe midogo, kila mmoja kama punje ya mchele au chini ya hapo. Sentimita 25 mama mwenye mkono mzuri anazimaliza kwa robo saa. Baada ya hapo ndipo cherehani ipite kuzunguka mfarishi wote, nusu sentimita kutoka ukingoni. Mshono huo wa juu unaulaza ukingo na kuusaidia mdomo, lakini haufanyi kazi ya mkono.

Na tabaka zishikamanishwe. Mfarishi uliopinduliwa na kuachwa hivyo hivyo ni mfuko wenye blanketi ndani. Mtoto akiukanyaga, uso unakwenda huku, mgongo kule. Sisi tunafunga mafundo, kila baada ya upana wa kiganja, sentimita 10 hivi, uzi ukipita tabaka zote tatu na kurudi. Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, ndilo fundo lisiloteleza. Kwa mfarishi wa mtoto mikia ya uzi isiachwe nje. Izamishwe ndani kwa sindano na kukatwa, maana kila kitu kwa mtoto kinaishia mdomoni. Vifungo vya kupambia, hapana. Na wanaonunua kwa ajili ya kichanga tuwaambie: ni wa kutandika, na wa kumzungushia akiwa mgongoni juu ya mbeleko, uso ukiwa wazi. Akilala peke yake asifunikwe nguo nzito. Wakunga wanasema hivyo, na sisi tunaouza tuseme vile vile, hata kama mteja alikuwa na mawazo mengine.

Sasa nije kwenye yale mambo mawili.

La kwanza ni ukubwa. Kupindua kuna ubaya mmoja usioonekana kwenye mfarishi mdogo. Kingo zinafungwa kwanza, ndipo tabaka zinashikamanishwa. Kwa hiyo ukianza kufunga mafundo na ukagundua mgongo ni mpana kuliko uso kwa vidole viwili, ile ziada haina pa kutokea. Inajikusanya, inafanya mikunjo nyuma. Kwenye sentimita 90 unaweza kuilaini kwa viganja ikagawanyika. Kwenye mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita, ambao ni sentimita 200 kwa 220, huwezi, hata ukiwa na mikono minne. Utepe unakwenda kinyume chake: unashikamanisha kwanza, unaanza katikati kwenda nje, ziada yote inasukumwa mpaka ukingoni, unaikata, ndipo unafunga. Tena ukingo ndio unaochakaa wa kwanza. Mfarishi mkubwa unavutwa kila usiku, unaburuzwa, unafuliwa miaka. Utepe ukichakaa unafumua, unaweka mwingine, mfarishi unaendelea. Ule uliopinduliwa ukichakaa pembeni, kinachokatika ni uso wenyewe.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema "tuache utepe kabisa", nasema hapana. Mfarishi wa kitanda uwekwe utepe, hata kama unakula kanda nane, sentimita 48 za kitenge. Na ninaposikia "nguo isiyo na utepe haijaisha", nasema pia hapana. Foronya haina utepe na hakuna anayesema haijaisha.

Hata mbali huko wapo wanaomaliza bila utepe, na kwa namna ambayo mimi ningependa sisi tuijaribu siku moja. India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi watu wanaoitwa Wasiddi. Asili yao ni Afrika. Babu zao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi kama watumwa, na wengine walitoka upande huu wetu wa mashariki. Wanawake wa Kisiddi wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Hawaungi uso kwanza kama sisi. Wanaanzia konani, wanakunja ukingo ndani huku wakishona kwa mkono, wanaufuata ukingo kuzunguka, kipande juu ya kipande, mzunguko ndani ya mzunguko, mpaka wanakutana katikati. Pembeni ndipo wanapoanzia, sisi ndipo tunapomalizia! Na kwenye kona nne wanashona vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, maana yake maua. Kwao mfarishi usio na maua hayo ndio ambao haujaisha. Kila nchi na ukingo wake, basi.

Jambo la pili ni zito, na nitalisema polepole.

Utepe wa mifarishi yetu upande wa mbele unapigwa cherehani, upande wa nyuma unashonwa kwa mkono. Mfarishi mdogo ni mita nne za sindano ya mkono. Nani anazishona? Hawa mama zetu walioketi mbele hapa. Wengine hawakanyagi cherehani tena, magoti yamekataa, lakini vidole vyao ni vizima kuliko vya kwetu. Wanalipwa kwa mita. Siku tutakayosema mifarishi midogo yote ipinduliwe, mita nne zinakuwa sentimita 25. Tumeokoa kitenge, ndiyo. Lakini tumemwondolea mama mzee fedha yake ya hisa ya wiki. Katika vikao vile vitatu nilisikia habari za kitenge sana. Hili sikulisikia likitajwa, na wao wenyewe hawakulisema, kwa sababu mama wa rika lao hasimami kikaoni kujiombea.

Tuhesabu tena. Mafundo kila sentimita 10 kwenye mfarishi wa 90 kwa 110: upande mmoja yanaingia 8, mwingine 10. Nane mara kumi, mafundo 80. Kila fundo, pamoja na kuzamisha mkia, tuseme dakika moja kwa mkono uliozoea. Hiyo ni saa moja na dakika 20. Ongeza robo saa ya mdomo. Saa moja na dakika 35 za mkono kwa kila mfarishi. Mpaka leo mafundo haya tumeyaita "msaada". Mwenye cherehani analipwa kwa mfarishi, mwenye mafundo anapewa soda na ahsante mama. Mimi ni mwenye cherehani, kwa hiyo sisemi kwa kujipendelea. Ule mshono wangu wa kuzunguka, mita nne, kiatu cha Singer hakijapata hata joto nimemaliza. Kazi inayoufanya mfarishi udumu ni ya kwao, na ile ya kwangu ni ya kuufanya uonekane.

Pendekezo langu kwa Mwenyekiti na kamati, na naomba Ndugu Katibu aandike, ni hili. Mifarishi ya mtoto na ile ya magoti ya wazee, isiyozidi sentimita 100 kwa 120, ipinduliwe. Mikubwa yote iwekwe utepe kama zamani, na ushonaji wa nyuma uendelee kwa mkono, kwa malipo yale yale. Mdomo na mafundo vilipwe, vihesabiwe kazi. Fedha itatoka wapi? Itoke kwenye ile pea ya kitenge ambayo hatutainunua tena kila mifarishi 20. Thamani yake yote, siku ya kununua vifaa, Mweka Hazina aigawe kwa mifarishi 20 na aiweke kando kwa ajili ya mikono. Kama kuna mwanachama anaona pea ile ingerudi kwenye faida ya wote, aseme leo mbele yao wenyewe, si jioni njiani.

Na kila mfarishi uliopinduliwa uwe na jina la aliyefunga mdomo, kwenye daftari. Ukirudi umeachama tunajua nani wa kumfundisha tena, na usiporudi tunajua nani wa kufundisha wengine.

Swali moja liliulizwa na dada mgeni kutoka Peramiho kabla sijasimama, nalijibu hapa hapa: je, mfarishi ambao tayari una utepe uliochakaa unaweza kufumuliwa na kupinduliwa? Hauwezi, maana tabaka zimekwisha kushikamana, hakuna pa kuingizia mkono. Utepe mpya tu, dada yangu, na ukitaka kuokoa kitambaa, tafuta pindo la kanga kuukuu ambayo katikati imeisha. Pindo huwa bado lina nguvu.

Ndugu Mwenyekiti, kwenye meza ile karibu na mlango nimeweka mifarishi minne midogo iliyoshonwa jana, bado iko nje ndani na midomo iko wazi. Pini zimetolewa, bandi imefumuliwa. Sindano ziko kwenye kopo, uzi mweupe na mweusi upo. Mama zetu wazee watakaa upande wa dirisha penye mwanga, na mgeni yeyote, wanaume pia, anaweza kuja kuvuta kona. Mkasi nimeuficha.